Safu Isiyo na Sarafu

Ninafundisha tuisheni ya hesabu katika fleti moja karibu na Joubert Park, Johannesburg. Wanafunzi wangu ni watoto wa Watanzania na wa Wakongo wa Kivu. Swali linalowaangusha ni lilelile: R2,75, yaani randi 2 na senti 75, mara 10. Wengi hubandika sifuri mwishoni, wakaandika 2,750. Afrika Kusini desimali huandikwa kwa mkato, kwa hiyo thamani haijaongezeka hata senti. Lakini baba wa mtoto, aliyezoea nukta ya Dar es Salaam, akilipitia daftari anasoma elfu mbili mia saba na hamsini.

Kwetu Tanzania fedha ya mafungu ya mia iliitangulia ya Afrika Kusini. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia yao ya Afrika Mashariki katika pesa 64, wakaigawa katika heller 100. Shilingi ya Waingereza ilipoingia miaka ya 1920, nayo ilikuwa ya senti 100.

Johannesburg wakati huo bado ilihesabu pauni ya shilingi 20, na shilingi ya peni 12. Mtoto akipewa pauni 1, shilingi 7 na peni 6 azidishe kwa 10, alikuwa na kazi: peni 60 azigeuze shilingi 5, azijumlishe na shilingi 70, katika shilingi 75 hizo atoe pauni 3, ndipo apate pauni 13 na shilingi 15. Tarehe 14 Februari 1961 randi ikaingia, mbili kwa pauni moja. Kiasi kilekile kikawa R2,75, na jibu R27,50. Uingereza yenyewe ilingoja hadi 1971.

Ubaoni nachora safu nne: makumi, mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia. Tarakimu naziandika kwenye vipande vya boksi, mtoto azisogeze mwenyewe. Mbili inahamia makumi, saba inaingia mamoja, tano inashika sehemu za kumi. Safu ya mwisho inabaki wazi, hapo ndipo sifuri inakaa. Mkato hausogei.

Zamani safu hizi watu walizishika mkononi kama sarafu. Lakini sarafu za senti 1 na 2 ziliacha kutengenezwa mwaka 2002, ya senti 5 mwaka 2012. Sehemu ya kumi bado ina sarafu yake, senti 10. Sehemu ya mia haina kitu, na mtoto wa leo anaambiwa aiamini tu.

Kwa hiyo mezani naweka senti 1 za zamani, kumi kwa kila senti 10. Nikiuliza 0,1 mara 0,1, wanaobahatisha husema 0,1. Aliyezigusa hutafuta sehemu ya kumi ya senti kumi, anachukua moja, anaandika 0,01.