Mifereji ya Wamarakwet, Kaunti ya Elgeyo-Marakwet

Maji haya yanatoka vilima vya Cherangani. Karne kadhaa kabla ya ukoloni, Wamarakwet waliyaongoza kushuka ukingo huu mkali hadi Bonde la Kerio, penye joto na mvua haba. Palipokuwa na jabali walijenga daraja la magogo na mawe, wakaziba nyufa kwa matawi, nyasi na udongo. Ni kazi ya uhandisi inayostahili heshima kubwa.

Mifereji ni mali ya koo. Wanaume huikarabati, wazee hugawa zamu za maji, mchana na usiku, kwa mashamba ya mtama na wimbi.



Mfereji huu bado unatumika. Tafadhali usikanyage kingo zake.