Wizi wa mifugo kaskazini mwa Kenya na Uganda

Wizi wa mifugo ni uhasama wa miaka mingi kati ya wafugaji wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na majirani zao Waturkana na Wapokot. Zamani vijana waliteka ng'ombe kwa mikuki ili walipe mahari au wafidie mifugo iliyokufa kwa ukame.

Mambo yalibadilika mwaka 1979. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka, wafugaji walipora silaha katika kambi ya jeshi ya Moroto, na bunduki ikachukua nafasi ya mkuki. Nchini Kenya, mwezi Novemba 2012, polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa. Mwezi Februari 2023, serikali ya Kenya ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti sita.

Uganda ilianza kukusanya silaha za wafugaji mwaka 2001. Hata hivyo, aliyesalimisha bunduki yake alibaki bila kinga iwapo jirani yake wa ng'ambo ya mpaka bado anayo ya kwake. Kwa sababu hiyo, kupokonya silaha upande mmja pekee hakutoshi: kunahitajika pia mifugo kutiwa chapa, na polisi wa nchi zote kushirikiana. Familia iliyopokonywa ng'ombe hukosa maziwa, karo na mahari kwa siku moja.