Mvinje katika Ardhi ya Chumvi

Kiwengwa, katika pwani ya mashariki ya Unguja, iko ndani ya ukanda wa maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, ambako upepo wa kusi husukuma rasharasha za chumvi hadi nchi kavu na ambako mvinje, mti unaoistahimili chumvi hiyo, umezoeleka ufukweni. Uwezo wake ulidhihirika zaidi Bamburi, kaskazini mwa Mombasa, ambako mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alijaribu aina 26 za miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, yaliyochimbwa hadi karibu na maji ya chumvi, na aina tatu tu zikasalimika, mvinje ukiwa miongoni mwazo. Mizizi yake huota vinundu vinavyohifadhi Frankia, bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mmea. Hata hivyo vijitawi vyake vikavu, vyembamba kama sindano, vilirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa jongoo wa miguu myekundu wakavitafuna, na kinyesi chao, kilichomeng'enywa zaidi na bakteria wengine, kikawa mboji. Ni kosa kudhani kwamba mvinje uliiondoa chumvi. Uliivumilia, huku ukijenga juu yake tabaka la udongo ambamo miti mingine iliweza kupandwa.