Filamu ya Hali Halisi

Kwenye mlingoti wa stima, hatua chache kutoka kituo cha matatu za 46 pale Kawangware, niliona karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: FILAMU HALISI, JUMAMOSI JIONI, BURE. Vijana wa mtaa wa Gatina walikuwa wamerekodi maisha ya watu wanaouza maji kwa mkokoteni, nao walitaka majirani waje kuitazama kazi yao. Nilifurahi kuona tangazo la Kiswahili, kwa sababu Nairobi matangazo ya kazi za namna hii huandikwa kwa Kiingereza hata pale ambapo kila mtazamaji anazungumza Kiswahili au Sheng. Lakini maneno mawili madogo yalikuwa yameachwa, na kuachwa kwake kulibadilisha maana ya tangazo lote. Istilahi iliyozoeleka ni filamu ya hali halisi. Vijana waliruka "ya hali".

Tuanze na halisi, kwa kuwa ndilo neno linalobeba ahadi. Asili yake ni Kiarabu, khalis, kitu safi kisichochanganywa na kingine. Sokoni Kawangware utalisikia likifanya kazi hiyo kila siku. Asali halisi haikutiwa sukari. Maziwa halisi hayakuongezwa maji. Jina halisi la mtu ni lile la kitambulisho, si lile la utani analoitwa na wenzake stejini. Kwa hiyo ukisema filamu halisi, Mswahili makini atakuelewa kuwa unazungumza juu ya filamu yenyewe: kwamba ni nakala iliyotoka kwa mwenye haki, si ile iliyochomwa kwenye diski na kuuzwa barabarani. Hujasema lolote kuhusu watu walio ndani yake.

Tena, hakuna filamu iliyo halisi kwa maana ya asali. Anayetengeneza kazi ya aina hii hurekodi saa nyingi mno, mara nyingine mamia, kisha akabakiza saa moja na nusu. Jambo la Machi huliweka baada ya jambo la Agosti. Hutia muziki, hukata kikohozi, huchagua uso upi uonekane wakati sauti fulani inasikika. Uhariri wote ni uchanganyaji. Kwa miaka mingi niliamini kwamba istilahi yetu inadanganya kwa sababu hiyo, na niliwahi hata kuandika "dokumentari" ili kuikwepa. Siku hizi naiona istilahi kuwa bora kuliko ya Kiingereza, na sababu yake ni sarufi tupu. Katika "filamu ya hali halisi", kivumishi halisi kinaifuata hali na kuivumisha hiyo. Filamu imeachwa huru iwe kazi ya mikono ya mtu. Kinachotakiwa kisitiwe maji ni hali.

Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma, lakini inatoa kipimo kinachofanya kazi. Chukua filamu ya Robert Flaherty ya mwaka 1922, Nanook of the North, kuhusu familia ya Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada. Mwaka 1926 Mskochi John Grierson alipoliandikia gazeti la New York tahakiki ya filamu nyingine ya Flaherty, Moana, iliyopigwa Samoa, ndipo alipolitumia lile neno la Kiingereza, documentary, ambalo baadaye liliipa aina hii jina lake. Katika Nanook, Flaherty alijenga nyumba ya barafu nusu, upande mmoja wazi, ili mwanga uingie ndani na kamera ione. Huo ni uchanganyaji ndani ya filamu, nami namsamehe. Lakini pia aliwataka Wainuiti wawinde kwa chusa, ilhali wakati huo walikuwa wanajua na kutumia bunduki. Yule aliyeitwa Nanook jina lake lilikuwa Allakariallak. Hapo kilichotiwa maji si filamu tena, ni hali. Mtu wa 1922 amefanywa wa zama za babu zake kwa sababu mtazamaji wa mbali alipenda kumwona hivyo.

Neno alilolitumia Grierson lina ukoo na hati, na mzizi wake wa Kilatini ni wa kufundisha. Waarabu walifuata njia ya hati: kwao filamu hii ni wathaiqi, kutokana na wathiqa, na mzizi huo una maana ya kuaminika. Kiswahili kingeweza kusema filamu ya hati. Lakini Nairobi ukitaja hati, akili ya msikilizaji inakimbilia hatimiliki ya shamba. Njia ya kufundisha tuliijua mapema, nayo haikutufaa. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza waliendesha jaribio la kutengeneza sinema za kuwaelimisha Waafrika, chini ya Meja Notcutt na mwenzake Latham. Waigizaji walikuwa wenyeji, mambo yalikuwa ya kilimo, afya, kodi na posta, na filamu zilizungushwa kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Wenyeji walionekana kwenye kitambaa, lakini kilichosemwa kilikuwa cha mwalimu.

Mwangwi wa mwalimu huyo bado umo katika neno letu jingine, makala. Runinga za Kenya huita hivyo vipindi vya dakika chache ambapo mwanahabari anatembea mtaani huku sauti yake ikieleza kila kitu. Makala kwa asili ni kitu kilichosemwa, na jina hilo linafaa kabisa, kwa kuwa ndani yake mtangazaji ndiye msemaji. Siidharau kazi hiyo, na baadhi yake ni ya kishujaa. Ninachoomba ni kwamba majina mawili yasivurugwe. Pale mtangazaji anapoeleza hali ya watu, tuite makala. Pale watu wenyewe wanapoishi mbele ya kamera kwa muda mrefu, na msimulizi akanyamaza, tuite filamu ya hali halisi.

Kuna mpaka mwingine wa kuulinda. Wahakiki wa fasihi wana neno uhalisia, nalo ni mtindo. Nairobi Half Life ya mwaka 2012 ina uhalisia mwingi: jiji lake unalijua, lugha yake ni ya mtaa, lakini wahusika wamebuniwa. The Constant Gardener ya 2005 ilipigwa Kibera kwenyewe, mtaa wa mabanda wa Nairobi, reli ikiwa reli na mabati yakiwa mabati, na bado hadithi yake ni ya riwaya. Mahali kuwa pa kweli hakuifanyi filamu kuwa ya hali halisi.

Sasa tufike kwenye hali, neno ambalo huko Kibera limeumizwa kuliko halisi. Kiswahili kimelipa upana wa ajabu. U hali gani? Hali ya hewa, hali ya mgonjwa, hali ya ndoa kwenye fomu za serikali, kusaidiana kwa hali na mali. Linaweza kuwa la heri au la shari. Lakini kamera zikiingia Kibera, hali hupungukiwa mpaka ikabaki na maana moja, ile ya "hali si hali". Mwaka 2011 kipindi cha hisani cha BBC kilileta watu mashuhuri wanne kutoka Uingereza waishi Kibera kwa siku chache, na watazamaji wa huko wakaona matope na mitaro. Matope yapo, na hakuna mkazi anayeyakana. Lakini kwa muda mrefu filamu na taarifa za habari zilirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, na sensa ya 2009 ilipohesabu ilipata 170,070. Wapo wanaoibishia hesabu hiyo. Hata hivyo tofauti ya mara tano na zaidi inaonyesha kuwa hali ilikuwa imetiwa maji kabla kamera haijawashwa.

Na hali za Kibera ni nyingi. Jina lenyewe linatokana na Kinubi, lenye maana ya msitu, kwa sababu waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles na familia zao. Jamii hiyo ilingoja hati ya ardhi vizazi na vizazi, mpaka 2017 ilipokabidhiwa ekari 288. Kungoja huko nako ni hali halisi, ingawa hakuna mtaro ndani yake.

Filamu iliyonifundisha kuona hivyo ni Good Fortune, ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Mmarekani Landon Van Soest. Sehemu yake moja inamfuata mkunga wa Kibera ambaye makazi na kazi yake viko hatarini kwa sababu ya mradi wa kuboresha makazi, ulioendeshwa na serikali pamoja na UN-Habitat. Mradi ule ulikuwa na nia njema na nyumba zake zilikuwa za mawe. Lakini unapomwona mama yule akipokea watoto wa majirani, unaanza kuhesabu vitu visivyomo kwenye ramani ya mhandisi: wateja wake, jina lake zuri, njia ambayo mjamzito anaijua usiku. Mwongozaji ni mgeni, na filamu imehaririwa kwa ustadi mkubwa, lakini hali haikuongezwa maji.

Hapo linajitokeza neno ambalo Kiswahili kilikuwa nalo tayari: mhusika. Tumezoea kulitumia kwa watu wa riwaya, na tukasahau kwamba linatokana na kuhusika. Katika filamu ya hali halisi linarudi nyumbani kwake. Mwigizaji akimaliza huvua nguo za mchezo na kwenda zake. Mhusika anabaki akihusika. Thank You for the Rain ya 2017 ililifikisha jambo hili mbali: Kisilu Musya, mkulima wa Kitui, alipewa kamera na Julia Dahr wa Norwei, akarekodi mwenyewe ukame, mafuriko na maisha ya nyumbani kwake, na jina lake limo miongoni mwa waongozaji. Kibera nako, tangu 2010, vijana wa Kibera News Network wamekuwa wakirekodi mtaa wao wenyewe kwa kamera ndogo. Video zao nyingi ni fupi na hazijapambwa. Ndani yake nimeona mashindano ya mpira na mikutano ya wakazi pamoja na mioto ya usiku.

Mhusika pia halindwi na hadithi. Katika vibanda vya video, ambako vijana hukaa kwenye mabenchi kusikiliza DJ Afro akizisimulia muvi za China na Hollywood kwa Kiswahili cha mtaani, kila mtazamaji anajua kwamba staringi hafi. Softie ya Sam Soko, iliyotoka 2020 na kutuzwa Sundance kwa uhariri wake, haina dhamana hiyo. Boniface Mwangi, mpigapicha aliyegeuka mwanaharakati, anagombea ubunge wa Starehe mwaka 2017 na anashindwa. Vitisho vinapozidi, mkewe Njeri anawachukua watoto kwenda Marekani. Ukiitazama unatamani mwandishi aingilie kati, kisha unakumbuka kuwa mwandishi hayupo.

Na kuna wakati hali halisi inageuka ushahidi. Kenya inalijua neno hilo vizuri: wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, vijana walianzisha jukwaa la intaneti la kukusanya taarifa za raia wakaliita Ushahidi. Aprili 2025 BBC Africa Eye ilitoa Blood Parliament, iliyochambua video na picha za watu walioandamana Juni 25, 2024 ili kuonyesha ni nani aliyefyatua risasi nje ya Bunge. Nyingi za picha hizo zilipigwa kwa simu na watu wasiojua kuwa wanatengeneza filamu. Siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne walikamatwa Nairobi wakihusishwa nayo, na BBC ikasema hawakushiriki katika kuitengeneza. Baada ya hapo wapo walioniambia kwamba jina sahihi la aina hii ya kazi lingekuwa filamu ya ushahidi. Nawaelewa, lakini siwafuati. Ushahidi unahitaji kesi na mtuhumiwa, na mkunga wa Kibera hakuwa anashtaki mtu. Alikuwa kazini.

Jumamosi ile nilirudi Gatina. Shuka lilitundikwa ukutani, projekta ikakaa juu ya kreti za soda. Mzee mmoja mwenye mkokoteni alijiona akipanda kilima na mitungi yake, akacheka, kisha akalalamika kwa sauti kwamba wameiacha ile sehemu anayoimba. Vijana walimsikiliza wakaandika. Filamu ilipokwisha nilimwendea aliyeandika tangazo, nikamweleza habari ya "ya hali" kama nilivyoieleza hapa, kwa ufupi zaidi. Hakubishana. Alisema nafasi kwenye karatasi ilimwishia.

Wiki mbili baadaye niliona tangazo jipya kwenye mlingoti uleule, la onyesho la pili, lenye wimbo wa mzee ndani. Maneno FILAMU na HALISI yalikuwa mahali pake, na kati yake, kwa herufi ndogo zilizobanwa, kijana alikuwa ameandika: ya hali.