Mashine Iliyofaa Afisi Ndogo

Msomaji, tafakari hali ya mwenye afisi ndogo katika mwaka wa 1981: tuseme wakili mwenye karani mmoja, katika mji wowote wa Marekani. Vitabu vya hesabu vimejaa, barua zinamlemea karani, naye amesikia ya kwamba kompyuta ingeweza kumpunguzia kazi hiyo. Miaka ishirini na miwili kabla ya hapo asingethubutu hata kuuliza bei, maana mashine ya IBM 1401, iliyotangazwa mwaka wa 1959, ilikodishwa kwa dola 2,500 au zaidi kila mwezi. Sasa bei zimeshuka, na taabu imegeuka: si tena kama ataweza kununua, bali anunue ipi.

Mwaka huo wa 1981 Adam Osborne alitoa huko California mashine ya dola 1,795. Ilikuwa na uzito wa kilo kumi na moja hivi, ikafungwa mfano wa sanduku la safari, na kiwambo chake kilikuwa cha inchi 5 tu. Lakini bei hiyo ilikuwa pamoja na programu za kuandikia barua na za kupigia hesabu. Ni nani asingeshawishika?

Mwezi wa Agosti kampuni ya IBM nayo ikatoa yake. Bei ya chini ilikuwa dola 1,565. Walakini jihadhari na bei ya chini: kwa fedha hizo mnunuzi hakupata kiwambo wala kifaa cha kuendeshea diski, na aliyetaka mashine kamili ya kazi ya afisi alilipa fedha nyingi zaidi.

Kwa mizani ya bei peke yake, basi, Osborne ilishinda. Mwezi wa Septemba 1983 kampuni yake ikafilisika. Mashine zenyewe hazikufa siku ile. Karani aliendelea kupiga barua kama jana. Lakini vipuri vya kampuni iliyokufa hutafutwa wapi? Tena diski zilizoandikwa na Osborne hazikusomeka moja kwa moja katika mashine nyingi za kampuni nyingine, hata hesabu za miaka miwili zikawa kama mali iliyofungiwa ndani ya nyumba isiyo na fundi wa kufuli.

IBM ilikuwa imefuata njia nyingine, wala si kwa hisani. Wahandisi wake huko Boca Raton, Florida, walipewa muda wa mwaka mmoja hivi tu, kwa hiyo wakanunua sehemu nyingi kwa wengine: ubongo wa mashine kwa Intel, na mfumo wa kuiendesha kwa Microsoft, ambayo ilibaki na haki ya kuwauzia wengine mfumo huo. Kisha wakachapisha kitabu chenye michoro ya mashine. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa baraka ilikuwapo, ila haikuwa ya IBM.

Kizuizi kikubwa kilichobaki kilikuwa programu ndogo iliyokaa ndani ya mashine na kuiamsha inapowashwa. Hiyo ilikuwa mali ya IBM kisheria. Mwaka wa 1982 Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto, waliotoka kampuni ya Texas Instruments, wakaanzisha Compaq mjini Houston. Kikundi kimoja kiliisoma programu ile na kueleza kazi zake; kikundi cha pili, ambacho hakikupata kuiona, kikaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo. Hapakuwa na wizi. Katika mwaka wa kwanza wa mauzo Compaq iliuza mashine zaidi ya 53,000, na wengine wakafuata kwa bei nafuu zaidi.

Nadhani hapo ndipo wakili wetu alipopata usalama wake. Aliweza kununua mashine ya rahisi bila ya kuifunga kazi yake na maisha ya kampuni moja. Compaq yenyewe ilimezwa na Hewlett-Packard mwaka wa 2002, na mwaka wa 2005 IBM ikakamilisha kuwauzia Lenovo wa China biashara yake ya kompyuta ndogo. Hesabu za wateja hazikupotea kwa sababu hiyo. Na leo katika maduka ya Nairobi yanayouza kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo, fundi huitoa diski katika mashine ya kampuni moja, akaitia katika ya kampuni nyingine, wala haulizi ruhusa kwa yeyote.