Homa ya Bonde la Ufa

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa wa virusi unaoshambulia hasa kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na ambao unaweza kumpata pia binadamu. Kati ya wanyama huenezwa na mbu. Binadamu kwa kawaida huambukizwa anapogusa damu au viungo vya mnyama mgonjwa. Jina linatokana na Bonde la Ufa la Kenya, ambako ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza. Baadaye umeonekana katika nchi nyingi za Afrika, na tangu mwaka 2000 katika Rasi ya Uarabuni pia.

Watu wengi wanaoambukizwa hupona baada ya siku chache bila kujua walikuwa na ugonjwa gani. Wachache hupofuka, huvimba ubongo au hutokwa na damu na kufa. Mwanzoni dalili hazina tofauti na za malaria, kwa hiyo dokezo la maana zaidi mara nyingi hutoka zizini: mnyama huugua kwanza, mtu baadaye.

Ugunduzi

Mwaka 1930 kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha walianza kufa kwa wingi, hasa wana-kondoo wa siku chache. Robert Daubney na wenzake, John Hudson na Percy Garnham, waliuchunguza ugonjwa huo na kutangaza matokeo mwaka 1931. Walionyesha kwamba chanzo ni virusi, kwamba ini ndilo linaloharibiwa zaidi, na kwamba mbu wanahusika. Kondoo waliohamishiwa sehemu za juu, zenye mbu wachache, waliacha kufa. Watu waliowahudumia kondoo wagonjwa nao walipatwa na homa, hivyo uwezo wa virusi hao kumwingia binadamu ulijulikana tangu mwanzo.

Hata hivyo kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa tatizo la wafugaji tu. Mtazamo huo ulibadilika mwaka 1977, ulipozuka nchini Misri, nje ya eneo lake la kawaida, ukaua watu wapatao 600.

Virusi na mbu

Virusi vya ugonjwa huo ni vya jenasi Phlebovirus. Katika ukanda mkavu wa Afrika Mashariki vina njia ya pekee ya kuvuka miaka ya ukame. Mbu jike wa jenasi Aedes akiwa na virusi huweza kuvipitisha kwenye mayai yake. Mayai hayo hutagwa kwenye udongo wa mabonde madogo yanayojaa maji wakati wa mvua kubwa, na yakikauka hukaa hai muda mrefu, hata miaka. Mafuriko yakija, mayai huanguliwa kwa pamoja na mbu hutoka wakiwa tayari na virusi.

Mbu hao huuma mifugo iliyokuja kunywa maji na kula majani mapya. Mnyama aliyeambukizwa huwa na virusi wengi sana katika damu, na hapo mbu wa aina nyingine, hasa wa jenasi Culex wanaozaliana katika madimbwi yanayobaki, huendeleza kazi. Ndiyo sababu katika eneo hilo milipuko mikubwa hufuata mvua za El Niño na kutenganishwa na miaka kadhaa ya kimya. Kimya hicho ni sehemu ya hatari yenyewe: mifugo mingi iliyokuwa na kinga imekwisha kuchinjwa au kuuzwa, na maafisa vijana hawajawahi kuuona ugonjwa.

Dalili kwa wanyama

Ishara kubwa ni kutupa mimba kwa wingi. Kundi linaweza kupoteza karibu mimba zote katika muda mfupi, ziwe changa au zinazokaribia kuzaliwa. Wana-kondoo na wana-mbuzi wachanga hupata homa kali, hukataa kunyonya, na wengi hufa katika siku moja au mbili. Vifo vyao vinaweza kupita asilimia 90. Kondoo wazima hufa kwa kiasi kidogo zaidi, pengine mmoja kati ya watano. Baadhi hutokwa na kamasi yenye damu, na Wasomali wa kaskazini mashariki mwa Kenya huuita ugonjwa huo sandik, yaani damu ya puani.

Ng'ombe wazima huvumilia zaidi, ila maziwa hupungua na mimba hutoka. Ngamia wanaweza kutupa mimba bila dalili nyingine kubwa. Tofauti hiyo ya umri na aina ya mnyama humsaidia sana daktari wa mifugo. Ugonjwa unaoua wachanga karibu wote, unaotoa mimba kwa kondoo, mbuzi na ngamia kwa wakati mmoja, tena wiki chache baada ya mafuriko, hauna wengi wa kufanana nao.

Dalili kwa binadamu

Dalili huanza siku 2 hadi 6 baada ya kuambukizwa: homa ya ghafla, maumivu ya misuli, viungo na kichwa. Wengine hukakamaa shingo, huchukia mwanga na kutapika, hata hudhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya wiki moja.

Ugonjwa mkali una sura tatu. Ya kwanza hupiga macho. Wiki 1 hadi 3 baada ya homa, mtu huanza kuona ukungu au giza kwa sababu ya majeraha kwenye retina. Wengi hupona, lakini sehemu ya katikati ya retina ikidhurika, karibu nusu yao hubaki na upungufu wa kuona wa kudumu. Ya pili hupiga ubongo, nayo inaweza kuchelewa hadi wiki 4, ikaleta kuchanganyikiwa, kupoteza kumbukumbu, degedege au kuzimia. Ya tatu hutokea kwa chini ya asilimia 1 ya wagonjwa: ini huharibika, macho huwa ya manjano, kisha damu hutoka puani, kwenye fizi, katika matapishi na choo. Karibu nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufa, kwa kawaida siku 3 hadi 6 baada ya kuanza kuugua.

Utafiti uliofanywa Port Sudan na kutangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wajawazito wenye maambukizi hayo walipoteza mimba zaidi kuliko wengine wenye homa. Haijathibitika kwamba mtu humwambukiza mtu mwingine kwa kumgusa au kumhudumia, isipokuwa mama kwa mtoto aliye tumboni.

Utambuzi

Katika zahanati ya vijijini mgonjwa wa homa hupimwa malaria. Kipimo kikiwa hasi hufikiriwa homa ya matumbo au bruselosi, na kikiwa chanya uchunguzi huishia hapo, ingawa mtu anaweza kuwa na vimelea vya malaria na virusi kwa pamoja. Damu ikianza kutoka hufikiriwa Ebola, homa ya manjano au dengue. Kwa hiyo maswali yana uzito kuliko kumtazama mgonjwa: Je, alichinja, alichuna ngozi au alimsaidia mnyama kuzaa? Je, alikunywa maziwa mabichi? Je, mifugo ya jirani inatupa mimba? Mwaka 2016 Uganda ilipata tena wagonjwa wa kwanza tangu 1968, katika wilaya ya Kabale, na mmoja wao alikuwa mchinjaji. Kazi ya mtu ilikuwa dokezo tosha la kumfikiria mnyama.

Uthibitisho hutoka maabara. Siku za kwanza virusi bado vimo ndani ya damu na hugunduliwa kwa kipimo cha PCR. Baadaye hutoweka, na hapo hutafutwa kingamwili kwa kipimo cha ELISA. Zile za aina ya IgM huonyesha maambukizi ya karibuni, na za IgG hubaki kwa miaka. Sampuli iliyochukuliwa mapema mno kwa kipimo cha kingamwili, au imechelewa mno kwa PCR, inaweza kutoa jibu hasi kwa mtu aliye mgonjwa kweli, kwa hiyo ni vema tarehe ya kuanza homa iandikwe kwenye fomu ya maabara.

Kwa wanyama huchukuliwa damu, au vipande vya ini, wengu na ubongo wa kijusi kilichotupwa. Ini la mwana-kondoo aliyekufa huwa laini, la rangi ya manjano au kahawia, lenye madoa madogo ya sehemu zilizokufa. Lakini kupasua mzoga ni moja ya njia za hakika za kuambukizwa, na madaktari wa mifugo wengi wameugua hivyo. Glavu, miwani, barakoa na gauni vinahitajika kabla ya kisu. Magonjwa ya kutofautisha nayo ni bruselosi, sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa wa kondoo wa Nairobi na kimeta. Mzoga unaoshukiwa kuwa na kimeta haufai kupasuliwa kabisa.

Matibabu

Hakuna dawa maalumu iliyothibitishwa, kwa mnyama wala kwa mtu. Mgonjwa mwenye homa ya kawaida hupumzika na kunywa maji ya kutosha. Dawa kama aspirini na ibuprofeni huepukwa kwa sababu huongeza hatari ya kutokwa na damu, na parasetamoli hutolewa kwa uangalifu kwa kuwa ini lenyewe limedhurika. Aliyezidiwa huhitaji dripu, kuongezewa damu na, figo zikishindwa, kusafishwa damu kwa mashine. Huduma hizo hupatikana katika hospitali kubwa, mbali na malisho ambako ugonjwa huanzia.

Milipuko ya 1997–1998 na 2006–2007

Mwishoni mwa 1997 mvua kubwa sana ilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya na kusini mwa Somalia. Barabara zilikatika, na taarifa za watu kufa kwa kutokwa damu pamoja na mifugo yao zilifika Nairobi kabla ya sababu kujulikana. Sampuli zilipelekwa maabara za Afrika Kusini na Marekani, zikathibitisha Homa ya Bonde la Ufa. Baadhi ya wanyama walikutwa na magonjwa mengine, jambo lililozidisha utata. Tanzania pia iliguswa.

Mwaka 2000 ugonjwa ulivuka Bahari ya Shamu hadi Saudia na Yemen. Marufuku ya Saudia kwa mifugo kutoka Pembe ya Afrika ilidumu hadi 2009, na wafugaji wa Kisomali walipoteza soko lao kubwa.

Mwaka 2006 mambo yalianza vizuri zaidi. Wataalamu wa NASA, wakitumia picha za setilaiti za joto la bahari na ukijani wa malisho, walitoa onyo wiki 2 hadi 6 kabla. Walakini chanjo na wahudumu hawakufika kwa kasi hiyo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, Kenya ilikuwa na wagonjwa 684 na vifo 155, Somalia wagonjwa 114 na vifo 51, na Tanzania wagonjwa 264 na vifo 109. Nchini Tanzania mkoa wa Dodoma uliumia zaidi.

Watafiti walipowahoji baadaye wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya, walikuta kwamba wenyewe waliona mfuatano wote: mvua, makundi ya mbu, mimba kutoka, kisha watu kuugua. Kati ya mnyama wa kwanza na mtu wa kwanza zilipita kama wiki mbili na nusu. Kati ya mnyama wa kwanza na kufika kwa huduma za mifugo ilipita takriban miezi miwili. Baada ya mlipuko huo Kenya iliunda kitengo cha pamoja cha wizara za afya na mifugo kushughulikia magonjwa ya aina hiyo.

Chanjo na kinga

Chanjo ya zamani kwa mifugo, iitwayo Smithburn, ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Ni rahisi na dozi moja inatosha, lakini inaweza kutoa mimba au kulemaza vijusi. Chanjo ya virusi vilivyouawa ni salama, ila inahitaji kurudiwa. Ile iitwayo Clone 13 iliandikishwa Afrika Kusini mwaka 2010. Kwa vyovyote chanjo itolewe kabla ya mlipuko. Ikianza kutolewa wakati mbu wamejaa, sindano inayotumika kwa wanyama wengi inaweza kubeba virusi kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Ugumu ni kumshawishi mfugaji kulipia chanjo mwaka wa tano wa ukame. Kwa watu hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida, ingawa baadhi zinajaribiwa, zikiwemo za Chuo Kikuu cha Oxford zilizofikishwa Uganda.

Wakati wa mlipuko serikali hufunga minada na kuzuia uchinjaji. Hatua hiyo huokoa maisha, lakini huwaacha wachinjaji, wenye bucha na wachuuzi wa maziwa bila kipato, na ikidumu uchinjaji huhamia vichakani ambako hakuna mkaguzi. Nyama iliyopikwa ikaiva vizuri na maziwa yaliyochemshwa hayaambukizi. Hatari iko katika damu mbichi, kuchuna, kukata nyama na kushika kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Mizoga na vijusi huzikwa kwa kina, mbali na visima, na mbwa huzuiwa visivifukue.