Istilahi "Chujio" katika Ufundi wa Redio

Singida Mjini husifika kwa asali, na yeyote aliyekaa karibu na warina asali ameona jinsi masega yanavyokamuliwa kisha kuchujwa kwa kitambaa: asali hupita, nta hubaki. Lakini mtu huyohuyo, akitaka kununua redio ya ridhaa, yaani ile ya kurushia na kupokelea mawasiliano, atauzwa "chujio" ambalo halijapata kugusa kitu cha majimaji. Je, jina hili limehamishwa kwa haki?

Chombo chenyewe kilibuniwa mnamo mwaka 1915 na watu wawili, kila mmoja kwa njia yake: Karl Wagner wa Ujerumani na George Campbell wa Marekani. Katika mwaka 1932 Mmarekani James Lamb alieleza katika jarida la QST jinsi chujio la fuwele linavyoweza kupokea ishara moja na kuiacha jirani yake. Na Wazungu nao walipita mlango huuhuu wetu, kwani neno lao latokana na Kilatini cha zama za kati, lililotaja kitambaa cha sufi iliyoshindiliwa, ambacho kilitumika kuchujia.

Wako wanaopendelea "chekeche". Hatuafikiani nao. Chekeche lina mpaka mmoja tu: kilicho kidogo kuliko tundu hupita. Chujio la redio lina mipaka miwili, wa chini na wa juu, na hupitisha kilicho katikati. Ni kweli kwamba kitambaa cha mrina asali nacho kina mpaka mmoja. Ila kitenzi kuchuja kilikwisha kutoka zamani katika majimaji, kwani twasema mchujo wa wagombea, na kila mtu huelewa kuwa kuna waliochaguliwa na walioachwa. Kuchekecha kulikotoka katika unga kumeishia kwenye bongo, na huko hakuna kuchagua, bali kutikisa.

Kasoro basi haimo katika nomino, imo katika sifa. Mfasiri huandika "chujio jembamba". Mnunuzi wa Singida, aliyezoea kitambaa, atafahamu kuwa ni chujio lenye matundu madogo, linalotoa kitu safi zaidi, naye atalichagua kwa ajili ya mazungumzo. Lahaula! Chujio la hezi 500 ni la alama za Morse. Sauti ya mtu ikipitishwa humo hukatwa pande zote mbili, maneno yasisikike vema. Mazungumzo yahitaji kiasi cha hezi 2,400. Fedha imekwenda, na kosa si la fundi.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri waache "jembamba" na "pana" zikiwa peke yake, waandike "chujio la upana wa hezi 500" au "chujio la sauti, hezi 2,400". Walimu wa ufundi nao wataje daima mipaka yote miwili, wa chini kwanza, kisha wa juu.